Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Reli: Tuuzieni Safari Nzima, Kiti na Kitanda kwa Tiketi Moja

Kwa Mkurugenzi Mkuu na watendaji wa Shirika la Reli Tanzania,
Kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini,
Nakala: Wizara ya Uchukuzi.

Ndugu Wakuu,

Nawaandikia kwa heshima, nikiwa mzaliwa wa Ujiji ninayeishi Dar es Salaam, na ambaye kwa miaka mingi nimebeba kazi ambayo katika ukoo wetu haina mshahara wala likizo: kazi ya kukata tiketi. Shangazi akitaka kwenda msibani Kigoma, wajukuu wakifunga shule, mpwa akipata ajira Mwanza, simu huja kwangu. Kwa hiyo neno nililonalo ni la mtu aliyezoea kuhesabu vitanda, tarehe na vifurushi vya watu wengine, na ambaye akikosea husemwa kwenye kila arusi.

Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya reli mpya ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, tarehe 25 Julai mwaka huohuo ikafika Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Safari ya kwenda Dodoma, ambayo kwa reli ya zamani huchukua zaidi ya saa kumi, sasa ni ya saa nne au pungufu. Hilo ni jambo kubwa, nami ni miongoni mwa waliolishangilia. Lakini kwa sisi tunaokwenda mbele ya Dodoma, yaani Tabora, Kigoma, Mpanda na Mwanza, neema hiyo imekuja pamoja na jambo ambalo babu zetu hawakulijua katika njia hii: kushuka kwenye treni moja na kupanda nyingine. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435, na ile iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Lazima abiria ashuke, na mzigo ushuke, na nafasi yake katika treni ya pili iwe inamngoja.

Ombi langu ni hilo la mwisho. Naomba mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigoma auziwe safari, si treni mbili: kiti katika treni ya umeme na kitanda katika treni ya usiku ya reli ya zamani, vishikiliwe kwa pamoja, vilipiwe kwa namba moja ya malipo, viandikwe kwenye tiketi moja, na vilindwe pamoja endapo treni ya kwanza itachelewa. Mengine yote nitakayosema ni ufafanuzi wa sentensi hiyo.

Nianze na kitanda, kwa sababu ndicho kigumu. Kiti cha treni ya umeme ni cha saa chache, na ukikosa cha asubuhi utapata cha mchana. Kitanda si hivyo. Treni za masafa marefu kwenye reli ya zamani haziondoki kila siku, na daraja la pili la kulala lina vyumba vya vitanda sita, vitatu kila upande, ambavyo msimu wa kufunga shule huisha kama maandazi ya alfajiri. Mwenye akili hukata kitanda kwanza, kisha ndipo atafute kiti cha kumfikisha kwenye kitanda hicho. Lakini mtu wa kawaida hufuata mpangilio wa safari yenyewe: hukata kiti cha Dodoma kwanza kwa sababu ndicho kinachotangulia, hulipa, kisha anapogeukia kitanda anaweza kukuta vimeisha, na tayari ameshika tiketi ya kumfikisha katikati ya nchi. Mfumo unaouza safari nzima ungefanya kinyume chake bila abiria kujua: ungeanza kutafuta kitanda, ukikipata urudi nyuma na kuchagua kiti kinachokiwahi, na usimdai mtu hata shilingi mpaka vyote viwili viwe vimeshikiliwa.

Hapa pana hesabu ambayo naamini maofisa wenu wa biashara wanaifahamu kuliko mimi. Kwa kuwa treni ya umeme inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, abiria anaweza kuondoka Dar es Salaam saa kadhaa baada ya treni ya zamani kung'oa nanga, akaipita njiani, na akaisubiri Dodoma akiwa ameshakula. Mtu huyo hahitaji kitanda kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kitanda chake, kama kimewekwa akiba tangu Dar es Salaam, kitasafiri kitupu kilomita zaidi ya 450, na katika kipande hicho hicho kuna watu wa Ruvu, Kilosa na Kidete wanaosafiri wakiwa wamesimama. Vitanda vya chini huwa mabenchi mchana. Kwa nini nafasi hizo zisiuzwe kama viti vya kukaa hadi Dodoma, kisha zigeuzwe vitanda kwa wanaopanda pale? Shirika lingepata nauli mara mbili kwa nafasi moja, na msafiri wa Kilosa angepata pa kuketi. Lakini hilo haliwezekani kama kitabu cha nafasi cha treni ya zamani hakijui nani anakuja kwa treni mpya.

Vilevile, naomba wanaopanda usiku Dodoma wapangwe pamoja katika behewa moja au mawili. Yeyote aliyelala katika chumba cha watu sita anaijua hali ya mlango kufunguliwa usiku wa manane, taa ikawashwa, mtu asiyemjua akatafuta namba yake kwa tochi ya simu huku akiuliza kama kitanda cha kati ni hiki au kile. Mgeni anaona aibu, wenyeji wanaona karaha, na mtoto aliyekuwa amelala anaanza kulia. Wakipangwa pamoja, mhudumu wa behewa atakuwa na chumba kitupu chenye mashuka tayari, nao waliolala tangu Morogoro wataendelea kulala.

Kuhusu nani alale wapi, sihitaji kusema mengi. Mama mwenye ujauzito, mzee wa miaka sabini, mtu mwenye mguu mbovu, hawa hawapandi kitanda cha juu. Mfumo uwaulize umri na hali yao wakati wa kukata tiketi, na vitanda vya chini viachwe kwa ajili yao mpaka siku chache kabla ya safari. Na kwa kuwa kwetu si adabu mwanamke kulala chumba kimoja na wanaume asiowajua, jinsia ya abiria iulizwe pia, isipokuwa pale familia inapokodi chumba chote. Reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, imeufuata utaratibu huo kwa miaka mingi: wanaume kwao, wanawake kwao, na mke na mume wakitaka kukaa pamoja hununua vitanda vyote vya chumba. Ugumu wa safari ya kuunganisha ni kwamba taarifa hizi zikiulizwa kwenye tiketi ya kitanda peke yake, familia inaweza kuwa imepewa viti pamoja hadi Dodoma na kisha ikatawanywa katika mabehewa matatu usiku, mtoto wa miaka minane akiwa chumba cha watu asiowajua. Tiketi moja yenye majina yote ingelizuia hilo.

Tabora nako pana lake. Pale njia zinagawanyika: moja inaelekea Kigoma, nyingine Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, na tawi la Mpanda huchepuka kutoka kwenye njia ya Kigoma pale Kaliua. Mabehewa hukatwa na kuunganishwa upya, kwa hiyo kitanda si namba tu. Ni namba katika behewa lenye mwisho wake. Anayeuza kitanda Dodoma lazima ajue kwamba kitanda namba 14 katika behewa fulani kinaishia Mwanza, hata kama kiko wazi na abiria aliye mbele yake anakwenda Urambo. Naomba tiketi iandike kwa herufi kubwa mwisho wa behewa, pembeni mwa namba ya kitanda, ili hata asiyeijua Tabora alale akiwa na uhakika wa atakakoamkia.

Sasa niungame kosa langu mwenyewe, ambalo halikuwa la karani wala la shirika lolote, lakini linafundisha jambo kuhusu tarehe. Miaka kadhaa iliyopita nilimkatia shangazi yangu kitanda cha kupandia njiani, treni ikiwa inapita pale saa saba usiku. Tulikubaliana kwa simu kwamba atasafiri "usiku wa Ijumaa". Kwa shangazi, aliyelelewa Ujiji na kusomeshwa chuo cha Kurani, usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Ijumaa huanza jua la Alhamisi linapozama. Kwangu mimi niliyezoea ofisi, usiku wa Ijumaa ulikuwa ule unaofuata mchana wa Ijumaa, na kwa kuwa saa saba usiku ni baada ya saa sita, kalenda ilikuwa imeshahamia Jumamosi. Tarehe niliyochagua ikawa ya Jumamosi. Shangazi alifika stesheni Alhamisi baada ya Isha akiwa na mabegi mawili na dumu, akaonyesha tiketi ya Jumamosi, na akarudi kulala kwa ndugu. Mpaka leo, nikimpigia simu, huniuliza kwanza ni usiku wa nani.

Kosa kama hilo lilikuwa nadra wakati abiria wengi walipanda Dar es Salaam, mchana au jioni, tarehe ikiwa haina utata. Kadiri watu wengi zaidi watakavyounganisha safari katikati ya nchi, ndivyo watakavyopanda saa za usiku mkubwa, na ndivyo kiti cha tarehe 14 kitakavyohitaji kuambatana na kitanda cha tarehe 15 katika safari ambayo kwa msafiri ni moja. Mashine hupenda kuandika 01:10. Lugha yetu ina maneno yaliyo wazi kuliko tarakimu hizo, nayo ni "usiku wa kuamkia". Tiketi ikisema "saa saba na dakika kumi usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 15", hakuna shangazi atakayepotea. Na mfumo uliouza safari nzima utakataa wenyewe kuunganisha kiti cha Ijumaa jioni na kitanda kilichoondoka alfajiri ya siku hiyohiyo.

Nije kwenye kuchelewa. Sote tunajua kwamba kipande cha reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, kinachofuata bonde la mto, kimesombwa na mafuriko mara nyingi, na kwamba mvua za masika hazisomi ratiba. Treni ya umeme nayo, ingawa ni ya kisasa, inaweza kusimama. Swali ni moja: abiria aliyefika Dodoma kwa kuchelewa akakuta kitanda chake kimeshaondoka, yeye ni nani mbele ya sheria? Mwenye tiketi mbili ni mtu aliyekosa treni kwa hasara yake, kwa sababu karatasi ya kwanza haiijui ya pili. Mwenye tiketi moja ni mtu ambaye safari yake haijakamilika, na aliyemuuzia safari ana wajibu wa kuikamilisha. Tofauti hiyo yote iko kwenye namna ya kuuza.

Nchi nyingine zimelitatua. India, ambako vitanda vya treni ni sehemu ya maisha ya kila siku, iliruhusu kuanzia tarehe 1 Aprili 2019 tiketi za treni mbili ziunganishwe kwa namba zake za kumbukumbu, hivyo kwamba treni ya kwanza ikichelewa na abiria akaikosa ya pili, hurudishiwa fedha za kipande ambacho hakusafiri bila makato ya kufuta tiketi. Marekani, ambako treni za masafa marefu nyingi hukutana Chicago, abiria hununua safari moja yenye vipande viwili. Anaweza kuchukua kiti katika kipande cha kwanza na chumba cha kulala katika cha pili, na akiikosa treni ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza, kampuni humpangia njia nyingine ya kufika, hata ikibidi imlaze hotelini. Huko pia nauli hutenganishwa na kitanda: kila mtu hulipa nauli yake ya umbali, kisha chumba kina bei yake moja, awe ndani mmoja au wawili. Utaratibu huo wa bei ningependa Mamlaka ya Udhibiti iutazame, kwa sababu unarahisisha kuunganisha: nauli huhesabiwa kwa umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na kitanda hulipiwa kwa usiku unaolaliwa, badala ya bei mbili zisizojuana.

India ina jambo jingine ninaloliona la kufaa. Vitanda vikiisha, abiria huweza kuuziwa nafasi ya kukaa juu ya kitanda akigawana na mwenzake, na mtu akifuta safari, mmoja wao hupewa kitanda kizima. Mtu huondoka akijua kwamba ana uhakika wa kusafiri, japo hana uhakika wa kulala. Kwa msimu wa Desemba, ningemkatia mpwa wangu nafasi ya namna hiyo bila kusita.

Niseme pia kuhusu wasio na simu janja. Kukata tiketi kwa intaneti ni jambo jema, lakini mama wa Nguruka au Uvinza anayetaka kuja Dar es Salaam naye anaunganisha safari, tena kwa upande ulio mgumu zaidi: anaanza na treni inayoweza kuchelewa, kisha anatakiwa kuwahi treni isiyochelewa. Karani wa stesheni yake aweze kumuuzia kiti cha treni ya umeme kutoka kwenye akiba ileile inayoonekana Dar es Salaam, na mfumo umwachie muda wa kutosha Dodoma kulingana na ucheleweshaji halisi wa treni, si ule wa kwenye ratiba. Mimi ningependekeza saa nyingi kuliko mnavyodhani inafaa. Kungoja kunachosha; kukosa treni kunaumiza zaidi.

Na katika kungoja huko, kuna suala la kutoka stesheni moja kwenda nyingine. Stesheni za reli mpya hazikujengwa mahali pa zile za zamani. Morogoro, kwa mfano, stesheni mpya iko Kihonda na ya zamani iko mjini. Mtu mwenye dumu la mawese, gunia la dagaa na mtoto mgongoni hawezi kuachwa mlangoni akisakwa na madereva wa bajaji usiku. Basi dogo lililomo ndani ya tiketi lingetosha. Kama kiwango cha mizigo kinatofautiana kati ya treni hizi mbili, basi kiandikwe kile kidogo zaidi tangu mwanzo, mtu apunguze mzigo nyumbani kwake na si kwenye ngazi za treni ya pili.

Huenda mkajibu kwamba haya ni ya muda, kwamba reli mpya inaendelea kujengwa kuelekea Tabora, Isaka, Mwanza na Kigoma, na siku moja hakutakuwa na haja ya kubadili treni. Nalitambua hilo, na ni kweli linatia moyo. Lakini vipande hivyo havitafunguliwa siku moja. Kila kimoja kitakapofunguliwa, mahali pa kubadilishia patasogea: leo Dodoma, kesho pengine Tabora, ambapo kitanda kitahitajika kwa kilomita zipatazo 400 tu za mwisho kwa mtu wa Kigoma. Mfumo unaouza treni utalazimika kubomolewa kila mara. Mfumo unaouza safari, kutoka mji hadi mji, utabadilisha mahali pa kushukia tu, na shangazi hatajua kama kuna kilichobadilika. Na tawi la Mpanda litabaki na reli yake ya zamani kwa muda ambao mimi na nyinyi hatuwezi kuuhesabu.

Wala si wazo geni katika historia yetu. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, liliendesha treni, meli za maziwani na mabasi chini ya paa moja. Meli ya Liemba yenyewe, ya Ziwa Tanganyika, ililetwa Kigoma kwa reli hiihii ikiwa vipande ndani ya masanduku. Reli ya kati haikujengwa ili mtu afike Dodoma. Ilijengwa ili ifike ziwani.

Najua mfumo mzima hauandikwi kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo, Ndugu Wakuu, kama hamna nafasi ya yote, naomba mawili kabla shule hazijafungwa Desemba: mtenge vitanda vya kupandia Dodoma viuzwe pamoja na viti vya treni ya umeme kwenye dirisha moja, hata kama ni kwa karani mwenye daftari, na mwandike kwenye tiketi "usiku wa kuamkia". Nina watu saba wa kuwakatia mwezi huo, wawili kati yao hawapandi kitanda cha juu.

Wenu mtiifu,

Mkata tiketi wa ukoo,
Dar es Salaam